Kiangazi cha Fridah

Jeddah, 11 Juni 2025

Leo tumerudi kazini baada ya Idi. Mhandisi Talal, bosi wetu, ametukusanya asubuhi akatuambia kampuni yetu ya malori inafungua ofisi kubwa Riyadh na huko atahitaji mkuu wa idara ya rasilimali watu. Mwenye cheo hicho anaruhusiwa kuleta familia. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Halafu akamtazama Fridah.

Niliacha kuandika shajara mwaka wangu wa pili hapa. Nimeianza tena kwa sababu nina neno moyoni na sina wa kumwambia bila kuchekwa.

Fridah nilimwajiri mwenyewe, Februari. Ni Mmeru, ana miaka ishirini na saba, na kazi yake ni kuitangaza kampuni ili watu watamani kuajiriwa nasi. Mimi nina miaka saba hapa kama afisa wa rasilimali watu. Kila ikama, yaani kibali cha ukaazi, ya dereva wa kampuni hii imepitia mkononi mwangu, kila likizo, kila tiketi, na ile maiti moja tuliyoirudisha Kakamega. Siku ya mahojiano nilimtania Fridah kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanijibu, "Sasa Mzee, chema kikifungiwa stoo kitajiuzaje?" Nilicheka nikampa kazi. Nina miaka arobaini na minne, na tangu siku hiyo ofisi nzima inaniita Mzee.

15 Juni

Marufuku ya jua imeanza. Hadi katikati ya Septemba ni haramu kumfanyisha mtu kazi nje kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa. Nimebandika matangazo yadini kwa lugha nne, kama kila mwaka. Hakuna aliyenipiga picha.

19 Juni

Unyevu. Kabla sijapata teksi mtaani kwangu Bani Malik shati lilikuwa limeshanigandama. Fridah huja na gari la kampuni.

22 Juni

Nina desturi yangu. Mfanyakazi mpya akitua, namfuata uwanja wa ndege mwenyewe, situmi dereva. Simpeleki ofisini wala kambini. Nampeleka mtaa wa Ghulail, kwa mama mmoja anayesonga ugali nyuma ya duka lake, anakula, anapiga simu kwao kwa simu yangu, ndipo namwonyesha kitanda. Karatasi ni kesho yake. Mtu aliyetoka kwao na njaa na hofu humpi kalamu asaini. Hilo sikulisoma chuoni. Nililijua siku yangu ya kwanza hapa, niliposaini kurasa ambazo macho yangu hayakuwa yakiona.

Leo aliyekuja ni Dismas, dereva wa foklifti kutoka Busia, baba wa watoto watatu. Fridah akaomba kuja nasi. Sikuwa na sababu ya kukataa. Alipofika akatoa simu yake na kijitaa, akampiga Dismas video akila, akipuliza tonge, akiongea na mke wake huku machozi yanamlenga. Hakumsumbua. Ajabu ni kwamba Dismas alimsahau kabisa, kama ninavyosahau feni ikizunguka.

"Mzee, hii ni dhahabu," akaniambia tukirudi. "Miaka saba umekaa na dhahabu na hujaambia mtu?"

Nilitabasamu. Ndani nilihisi kama mtu aliyefunguliwa sufuria na mgeni.

24 Juni

Video imetoka. Fridah anasema kwa sauti yake laini: "Kuna kampuni inayokulisha kabla ya kukuandikisha." Watu wanaisambaza kuanzia Mombasa hadi Eldoret. Bosi amemwita ofisini kwake kumpa tende na pongezi. Mlango ulikuwa wazi, nikapita mara mbili. Hawakuniita.

25 Juni

Maombi ya kazi yamejaa kwenye kompyuta yangu. Wa kuyasoma ni mimi.

1 Julai

Nimempigia Zipporah, mke wangu, Kitale. Nilitaka kumweleza habari za Riyadh polepole, nimwandae asitegemee sana. Yeye akanitangulia.

"Tumeona video ya kampuni yenu. Huyo msichana anaelezea vizuri. Mpaka mimi nimetaka kuja kuendesha foklifti."

Nikamwambia lile wazo ni langu.

"Najua ni lako, baba Allan. Si ulinifanyia hivyo hivyo nilipofika kwenu mara ya kwanza? Mama yako alitaka nisalimie ukoo mzima, wewe ukasema nile kwanza."

Nilikuwa nimesahau. Badala ya kufurahi nikamuuliza kama amesikia jina langu likitajwa popote kwenye video hiyo. Akasema mahindi yamepata mvua nzuri.

6 Julai

Joto. Umeme wa jengo umekatika mara mbili. Yassir, tunayepanga naye chumba, Mzanzibari, karani wa bandarini, amenikuta nikiitazama ile video tena, pamoja na mpya alizotoa Fridah.

"Ndugu yangu, we una kijicho," akasema. "Hasidi hana sababu, lakini wewe unayo na bado haikupendezi."

Nikamwambia apike zamu yake aache kunichunguza.

15 Julai, Riyadh

Tumekuja sisi watatu: Bosi, Fridah na mimi. Joto la huku halina maji. Linakausha midomo, na watu wanapita kati ya magari na milango kama wanaofukuzwa.

Niandike kwa nini safari hii ni kubwa. Mwaka juzi tulikuwa na kazi ya tajiri mmoja mwenye maduka ya vyakula. Katikati ya msimu nusu ya madereva wetu wakahamia kampuni nyingine, kwa sababu siku hizi mtu anaweza kuhama, hafungwi na kafili, yule mdhamini wake, kama zamani. Kontena zikakaa bandarini hadi matunda yakaoza, na tajiri akatuacha. Tangu hapo namwambia Bosi kwamba kinachotulisha si malori. Lori bila dereva anayetaka kubaki ni bati. Nimehifadhi hesabu zote: nani aliondoka, kwa nini, nani alibaki. Tangu nianze desturi ya Ghulail kwa kila mgeni, wanaoondoka ni wachache sana. Leo nilikuja na hesabu hizo zimefungwa vizuri kwenye jalada, maana tunamwomba tajiri huyo huyo aturudie.

Tajiri akauliza swali moja tu, kwa Kiingereza. "Watu wenu, safari hii watakaa?"

Nikafungua jalada. Kabla sijafika ukurasa wa pili akanyanyua mkono, akasema ameshaiona video ya yule bwana anayekula. Mwanawe ndiye aliyemwonyesha. Kampuni inayomlisha mtu kabla ya kumwandikisha haiwezi kumpoteza, akasema, na yule bwana akila alimkumbusha wafanyakazi wa baba yake. Halafu akamsalimu Fridah bila kumpa mkono, aliuweka kifuani na kuinama kidogo. Kazi tumepewa.

Bosi alifurahi hadi akatununulia kabsa, wali wa nyama. Niliila bila kuisifu. Kazi ile imepatikana kwa ugali nilioununua mimi, na mimi nilikuwa pale mezani, na hakuna aliyenigeukia. Kwenye ndege wamekaa pamoja mbele wakipanga mambo ya Riyadh. Mimi nilikaa nyuma karibu na choo.

20 Julai

Bosi ameniita. Amesema mkuu wa Riyadh atatoka kati yetu wawili, mwisho wa Agosti. Akaongeza, "Naftali, wewe ni msingi wa nyumba. Lakini watu wanaona rangi." Alidhani ananisifu.

21 Julai

Zipporah ameulizia shule za Riyadh. Sikumwandaa asitegemee. Nilimwambia ziko nzuri.

27 Julai

Fridah alikuja mezani kwangu na ratiba. Tajiri wa Riyadh ameomba video ya yadi, aone madereva wake watakaohudumia mzigo wake. Msimamizi wa yadi amekataa kusimamisha foklifti asubuhi wala jioni, kontena ni nyingi. Kwa hiyo Fridah ameandika kesho saa sita na nusu mchana, wakati wa mapumziko.

"Mzee, cheki. Hiyo saa wako free, hakuna presha. Wataigiza tu, si kazi. Ni sawa, ama?"

Nilielewa palepale. Kuigiza au kufanya, mtu aliyepanda foklifti juani saa sita na nusu ni mtu aliye juani, na jua haliulizi kama ni maigizo. Angelijua hilo kama angekuwa amepitisha hata kiangazi kimoja hapa. Sehemu ya ratiba inayosema "Rasilimali watu" ilikuwa tupu, inangoja herufi zangu.

Nikamwambia, "Wewe ndiye mtaalamu wa sura ya kampuni. Mimi ni mtu wa karatasi."

Akacheka. "Basi nimechukua hiyo kama ndiyo."

Sikusema kitu. Niandike hapa, kwa kuwa hapa hakuna mwingine anayesoma: kunyamaza kule kulinipa raha. Nilifikiri atapata picha mbaya, watu wanajipangusa jasho na kukunja uso, au msimamizi atamfukuza mbele ya wote. Nilitaka aanguke kidogo tu.

28 Julai

Sijui nianzie wapi.

Saa sita nilivuta pazia la dirisha langu. Nilisikia adhana ya adhuhuri kutoka msikiti wa upande wa pili, nikasikia foklifti zikiwashwa baada yake, na nikaendelea kupanga ikama zinazokaribia kuisha. Nilikuwa nimezipanga jana. Nikazipanga tena.

Kisha zikaja kelele. Nilipotoka joto lilinipiga usoni nikafumba macho. Foklifti ya Dismas ilikuwa imeegemea rundo la mbao, injini inanguruma, na Dismas yuko chini, kofia imemtoka, ngozi kavu na ya moto. Mtu aliyekauka jasho katika joto lile yuko pabaya, nalijua hilo. Fridah alikuwa amepiga magoti anamwita jina lake. Walirudia ile njia mara nyingi, wenzake walisema baadaye, kwa sababu mwanga ulikuwa unang'aa mno kwenye bati la kontena na kila mara anatokea mweusi pichani.

Wazo langu la kwanza, Mungu ananiona, lilikuwa: Fridah amekwisha. La pili ndilo lilikuwa Dismas.

Tulimbeba hadi kivulini, tukamwagia maji ya kunywa, maboksi mazima, tukampepea kwa yale matangazo yangu ya lugha nne niliyoyabandua ukutani. Alikuwa anaongea Kiteso, hakuna aliyemwelewa. Gari la hospitali lilifika. Fridah akapanda naye. Mimi nikabaki na madereva wamesimama wananitazama, na sikujua kwa nini wananitazama mimi.

29 Julai

Yuko hai. Figo zinasumbua. Hawaruhusu wageni.

30 Julai

Mkaguzi wa kazi amekuja. Faini ipo. Tajiri wa Riyadh amesikia, amesema atafikiria upya kama kampuni haitamwonyesha ni nani aliyefanya uzembe. Video za Fridah zote zimeshushwa.

31 Julai

Kikao. Bosi hakunywa hata kahawa.

"Marufuku inajulikana," akasema. "Nani aliruhusu?"

Fridah macho yalikuwa yamevimba. "Niliuliza," akasema, "nikajibiwa."

"Na nani?"

Akanigeukia. Hakunishtaki. Alingoja tu, jinsi mtu anavyomngoja mkubwa wake aseme neno ambalo ni la mkubwa kulisema. Nikachukua kalamu iliyokuwa mbele yangu, nikaifungua, nikaifunga. Fridah akamgeukia Bosi tena, akasema, "Nafikiri nilielewa vibaya. Kosa ni langu."

Bosi akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema marufuku ilibandikwa yadini tangu tarehe kumi na tano Juni kwa lugha nne. Ilikuwa kweli tupu.

3 Agosti

Riyadh ni yangu. Fridah ataondolewa mwisho wa mwezi.

Zipporah alipiga vigelegele kwenye simu hadi majirani wakaja. Allan amesema atajifunza Kiarabu. Shirleen ana miaka tisa, anataka kujua kama nyumba itakuwa na ngazi.

4 Agosti

Nilidhani wivu utaisha. Leo jioni madereva walikwenda mmoja mmoja kumsalimia Fridah mezani kwake, wengine na matunda, na mimi mkuu mteule wa Riyadh nimekaa kwangu naona uchungu kwamba hawajaja kwangu. Kidonda gani hiki, kinauma hata kikipewa dawa.

7 Agosti

Dismas ametoka hospitali. Nimekwenda kumwona kambini. Amekonda, mikono inatetemeka akishika kikombe. Nilimbebea maziwa na ndizi. Nikamuuliza, kwa sauti ya idara, kwa nini alikubali kutoka nje wakati ule ilhali tangazo lipo.

"Tulikataa, bosi," akasema. "Sisi sote. Tulimwambia madam, hii saa ni mafi shughuli, hakuna kazi, jua litatuua. Hata yeye akasita, akataka kuahirisha."

"Ikawaje?"

"Akasema lakini Mzee Naftali ameiona ratiba na hajakataa. Mimi ndiye nikawaambia wenzangu, kama ni Naftali basi twende. Yule mtu alinilisha kabla hajaniuliza jina. Hawezi kuniweka mahali pabaya."

Alisema akitabasamu, kana kwamba ananipa habari njema. Nikamwekea ndizi karibu.

8 Agosti

Ijumaa. Nimelala mchana kutwa. Usingizi haukuja.

9 Agosti

Kiangazi kizima nimemwonea Fridah wivu kwa kile ambacho watu wanampa: wanamtazama, wanamwamini, wanamfuata. Kumbe hawakumfuata yeye kwenda juani. Aliwaita wakakataa. Alipotaja jina langu wakainuka.

Nimemwambia Yassir yote. Nilitegemea atanipa methali. Akasema tu, "Kamwambie bosi wako kesho, asubuhi, kabla hujanywa chai. Ukinywa chai utapata hoja."

10 Agosti

Sikunywa chai.

Mhandisi Talal alinisikiliza akitazama dirishani. Nilimweleza ratiba, jibu nililompa Fridah, ukimya wangu kwenye kikao. Alipogeuka hakuwa na hasira, na ningeona nafuu kama angekuwa nayo.

"Ulijua itakuwa hivi?"

"Nilijua ni hatari. Sikujua atakuwa Dismas."

"Kama angekuwa mwingine?"

Hakungoja nijibu.

"Kwa nini unaniambia? Mambo yalikuwa halas, yamekwisha."

"Kwa sababu madereva wanajua walitoka kwa jina langu. Leo wanadhani nilikosea. Siku wakijua nilinyamaza makusudi hawatabaki, na wewe utarudi kwenye yale ya mwaka juzi."

Akazungusha tasbihi yake. Kisha akasema atampigia tajiri mwenyewe. Na Riyadh atakwenda Fridah. "Yeye hakujua, akauliza," akasema. "Wewe ulijua, hukusema. Kule niko mbali. Nahitaji mtu anayeuliza." Mimi nitabaki Jeddah, na barua ya onyo ndani ya faili langu, faili ambalo ni mimi ninayelitunza.

Nimemwomba radhi Fridah. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwani nilikukosea nini, Mzee?" Nikatafuta kosa lake, nikaona aibu kwa jinsi nilivyolitafuta kwa bidii.

11 Agosti

Sijamwambia Zipporah.

14 Agosti

Zipporah amewatoa watoto shuleni ili muhula ujao waanzie Riyadh. Nilisema sawa.

19 Agosti

Ameuza ng'ombe. Sijamwambia.

25 Agosti

Dismas amerudi kazini, kazi nyepesi ya ndani. Nilimweleza kila kitu mbele ya wenzake. Akaniacha, akaenda kupiga viatu vyake brashi. Watatu wameomba barua za kuhamia kampuni nyingine. Nimewaandikia. Dismas hajaomba, na hanisalimii.

31 Agosti

Fridah amekwenda Riyadh. Nilimbebea begi hadi kwenye gari. Aliniambia kule atawapokea watu kwa ugali, akipata pa kuusongea, na ataandika kwamba desturi ni ya Naftali. Nilimshukuru. Wivu ulikuwepo bado, umekaa pale pale, ila sasa naujua sura.

Nilipofika Bani Malik nikampigia Zipporah, jua likiwa bado juu. Nilimwambia yote bila kujipunguzia. Nilimsikia akiivuta stuli, akikaa.

"Kwa hiyo hatuji," akasema.

"Hamji."

"Na ng'ombe nimeuza."

"Najua."

"Naftali, yule msichana ulikuwa unamwonea wivu wa nini? Sisi hapa tulikuwa tunangoja video zake kuliko habari. Miaka miwili hujaja nyumbani. Tulikuwa tunakuona wewe unapita na karatasi zako, unabeba sahani, unacheka na watu. Nilikuwa nawaambia watoto, baba yenu huyo, mzima kabisa." Alikuwa analia na hakutaka nisikie. "Shirleen huyu hapa. Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia Shirleen kwamba safari ya Riyadh haipo. Sikumtajia serikali, wala ndege, wala kazi nyingi. Nilisema baba alifanya kosa. Akaniuliza:

"Sasa kama hatuji, video nyingine itatoka lini?"

Nikamwambia sijui, aliyekuwa akizipiga amehamia Riyadh.